Ukurasa wa Kutman

Kila asubuhi, kabla hajavua koti, Perizat alisimama kidogo mbele ya ubao wa heshima ukumbini na kujitazama. Picha yake ilikuwa ya tatu kutoka kushoto: mikia miwili ya nywele, utepe mweupe, uso mkavu usiocheka. Chini yake paliandikwa kwamba huyo ni mwanafunzi wa darasa la tano, mwenye alama tano katika masomo yote. Katika shule za nchi yao, tano ndiyo alama ya juu kabisa, na mbili ni kufeli. Picha hiyo ilikuwa pale tangu Perizat akiwa darasa la tatu. Akishaiona, moyo ulitulia. Ndipo alipokung'uta theluji viatuni na kwenda kukaa mahali pake, karibu na jiko la makaa ya mawe.

Mahali hapo hapakuwa pa kila mtu. Mwalimu Toktobubu, aliyefundisha hesabu kwa miaka ishirini na sita, aliwapanga wanafunzi kwa alama. Wenye tano walikaa kwenye joto. Wenye nne na tatu walikaa katikati. Wenye mbili walikaa safu ya mwisho, penye mlango, ambapo upepo wa Januari ulipenya kwa chini mpaka vidole vikashindwa kushika kalamu. Safu hiyo iliitwa safu ya punda. Si Mwalimu aliyelibuni jina hilo, lakini alilitumia. Kila Ijumaa alisoma alama za wiki kwa sauti, akianzia na ya chini kabisa, na mwenye alama hiyo alisimama mpaka orodha yote iishe.

Aliyesimama alikuwa Kutman karibu kila Ijumaa.

"Simama, Kutman, wewe si mgeni," Mwalimu alisema, na darasa likacheka. Perizat alicheka pia, tena kwa sauti, kwa sababu jina lake lilisomwa mwisho na alikuwa na muda wa kutosha wa kucheka.

Kutman alikuwa mvulana mwembamba mwenye masikio mekundu kwa baridi. Aliishi na babu yake ukingoni mwa kijiji, wakifuga kondoo. Mama yake alikuwa amekwenda Moscow kufanya usafi katika majengo ya watu. Kila Jumatatu Kutman aliwaambia wenzake kwamba jana mama alipiga simu na kwamba wameongea sana. Hakuna aliyemwuliza habari hizo. Alizitoa mwenyewe.

Perizat naye alikuwa na jambo lake, ambalo hakumwambia mtu. Binamu yake Jyrgal, aliyemtangulia madarasa matatu, alikuwa hodari wa hesabu. Familia yake ilipohamia mji mkuu, Bishkek, waliacha sanduku la madaftari ghalani kwa kina Perizat. Siku moja Perizat alilifungua akagundua kwamba Mwalimu Toktobubu alikuwa akitoa majaribio yaleyale mwaka hadi mwaka, kwa namba zilezile na kwa mpangilio uleule. Tangu siku hiyo hakufanya tena hesabu. Alikariri. Alikuwa na kichwa cha ajabu: akitazama ukurasa mara mbili, aliweza kuuandika wote bila kukosea hata nukta. Alama zilizidi kupanda. Mama yake, aliyepika katika jiko la shule, aliwaambia wapishi wenzake kwamba binti huyo atakuwa daktari, na Perizat akazidi kukariri.

Katikati ya Januari akaja Raikan. Alikuwa msichana wa chuo kikuu, amevaa buti kubwa za kiume na ana mafua yasiyoisha. Mwalimu Mkuu, Bwana Sharshenbek, aliwaeleza kwamba atakaa nao mwezi mmoja akichunguza jinsi watoto wanavyofikiri wakati wa kujifunza. Mwenyewe aliomba aitwe Dada Raikan. Alichukua kiti kidogo, akakaa nyuma kabisa, kwenye safu ya punda, na daftari lenye jalada la kahawia magotini.

Darasa lilimwona kama kichekesho. Hakuuliza jibu ni nini. Alizunguka dawati kwa dawati akiuliza mtoto amefikiri nini mpaka akapata jibu hilo, hata kama jibu ni sahihi, kisha akaandika. Alipofika kwa Perizat na kumwuliza hivyo hivyo, Perizat alishika ukingo wa dawati.

"Nilijua tu," akasema.

"Ulianza wapi?"

"Sikuanza popote. Nilijua."

Dada Raikan aliandika kitu, akapita. Perizat aliitazama ile kalamu ikitembea, na kwa mara ya kwanza akiwa pale karibu na jiko alihisi baridi.

Wiki hiyohiyo yalitokea mambo ya Kutman. Dada Raikan alikuwa ameomba madaftari yake yote ya tangu Septemba, yaliyojaa alama za kukosa kwa wino mwekundu, akayasoma jioni mbili. Kisha akamwendea Mwalimu Toktobubu mbele ya darasa, akampa karatasi iliyokunjwa na kumwomba asiifungue kwanza. Akamwandikia Kutman hesabu tano za kutoa. Kutman alipomaliza, karatasi ikafunguliwa. Ndani yake yalikuwamo majibu matano ya makosa, na yalikuwa sawasawa na aliyoandika Kutman, moja baada ya jingine.

"Huyu habahatishi," alisema Dada Raikan. "Ana kanuni, na anaifuata kila mara. Anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, hata kama ile kubwa iko chini. Sitini na moja toa ishirini na saba: moja na saba, anatoa moja kwenye saba, anapata sita. Sita na mbili, nne. Arobaini na sita."

Kisha akamgeukia Kutman. "Babu yako akiwa na kondoo sitini na mmoja, akauza ishirini na saba, wanabaki wangapi?"

"Thelathini na wanne," alijibu Kutman papo hapo.

"Na hapa umeandika arobaini na sita."

Kutman alitazama daftari, akamtazama yeye, kama mtu anayeulizwa kitu cha wazi. "Wale ni kondoo," akasema. "Hizi ni hesabu."

Darasa lilicheka mpaka madawati yakatikisika, lakini Dada Raikan hakucheka. Mwalimu Toktobubu pia hakucheka. Alikuwa ameishika ile karatasi na kuitazama kwa muda mrefu, kwa sababu yale madaftari yalikuwa yamepita mikononi mwake kwa miezi mitano na hakuwahi kuona chochote ndani yake isipokuwa makosa.

Kuanzia hapo, kila baada ya masomo, Dada Raikan alikaa na Kutman na njiti za kiberiti alizozifunga makumi makumi kwa uzi. Ukitaka kutoa saba kwenye moja, unafungua fungu moja la kumi. Ilichukua siku tisa. Siku ya kumi Kutman alifanya hesabu kumi ubaoni, akakosa moja tu, na akarudi mahali pake akijikanyaga kwa furaha.

Perizat aliyaona yote hayo, na yalimchoma. Hakujua kwa nini hasa. Alijiambia kwamba ni upuuzi kumhangaikia punda.

Ijumaa iliyofuata lilikuwa jaribio la mwezi. Perizat alikuwa amekwishakariri ukurasa wa Jyrgal tangu Jumanne. Lakini Mwalimu Toktobubu aliingia na kusema kwamba safari hii maswali yametungwa na mgeni wao. Karatasi ziligawiwa. Yalikuwa maswali ya aina ileile, ila namba zilikuwa nyingine.

Perizat alisoma swali la kwanza mara tatu. Alijaribu kuanza, lakini miaka miwili ya kutofanya hesabu ilikuwa imeacha tundu kichwani mwake, na kila alipolichungulia aliona tu majibu ya Jyrgal yamejipanga. Wenzake walikuwa wakiandika. Aliwasikia wakiandika. Mwishowe, dakika zikiwa zimekwisha, aliandika majibu aliyokuwa nayo, yote kumi, akijua kwamba si ya maswali hayo.

Jumamosi, kwa kuwa walisoma siku sita, alama zilisomwa. Mwalimu Toktobubu alitazama orodha yake, akatazama tena.

"Perizat," alisema. "Mbili. Simama."

Mtu mmoja akacheka puani. Alikuwa Emil, mvulana wa safu ya katikati aliyejua kuigiza sauti za watu wote. Kicheko kikasambaa. Perizat alisimama huku majina ishirini na nane yakisomwa. Kutman alipata nne. Orodha ilipoisha, Mwalimu alisema kwamba sheria ni sheria, na Perizat akakusanya vitu vyake akahamia mlangoni. Alipopita, Emil alitoa sauti ya punda, taratibu, kwa ustadi. Wasichana aliokaa nao karibu na jiko miaka miwili waliziba midomo kwa mikono, na mabega yao yakawa yanatetemeka.

Mchana huohuo picha yake iliondolewa kwenye ubao wa heshima. Palibaki pembe nne nyeupe na pini nne zilizokuwa zikiishika. Nyumbani, mama yake hakumpiga wala hakumfokea. Alimwekea supu, akakaa upande wa pili wa meza, akasema, "Leo wameniuliza jikoni kama wewe ni mgonjwa. Nimesema ndiyo. Nisaidie kujua ni ugonjwa gani." Perizat aliinamia supu. Mama akainuka, akaenda kukamua ng'ombe, na hawakuongea tena mpaka Jumatatu.

Jumatatu Perizat alikuwa na zamu ya kufuta ubao. Wakati wa mapumziko wote walitoka, na Dada Raikan akaenda kunywa chai chumba cha walimu, akaacha mkoba wake juu ya kile kiti kidogo. Daftari la kahawia lilikuwa limechomoza nusu.

Perizat alilichukua akitafuta jina lake. Alitaka kujua kama siri yake imeandikwa humo. Lakini daftari lilijifungua penye jina la Kutman, na akasoma.

"Kutman," paliandikwa, "kosa lake lina kanuni. Kwa kondoo hakosei. Wiki ya pili: anafungua makumi mwenyewe, anatabasamu akimaliza. Jumatatu huja amechoka, hasikii. Leo amenieleza sababu. Mama yake hajapiga simu tangu Septemba. Kila Jumapili anakaa na simu ya babu mkononi kutwa nzima, halafu Jumatatu anawaambia wenzake kwamba wameongea. Ameniomba nisimwambie mtu."

Perizat hakufikiri sana. Kama angefikiri, pengine asingefanya. Alichana ukurasa ule, daftari akalificha chini ya fulana yake, akaenda ukumbini. Hapakuwa na mtu. Kwenye ubao wa heshima zilikuwapo bado zile pini nne za picha yake. Alizitumia zote.

Kengele ilipolia, kundi lilikuwa limeshajaa mbele ya ubao. Mmoja alisoma kwa sauti kwa ajili ya waliokuwa nyuma. Kutman alikuja akikimbia kama wengine kuona kuna nini, akajipenyeza mpaka mbele, akasoma.

Emil aliweka ngumi sikioni kama simu. "Haloo," akasema kwa sauti nyembamba ya mwanamke, "hapa Moscow. Unamtaka nani, mwanangu? Mama yako? Hapana, hapa hatuna mama yako."

Walicheka, wakubwa kwa wadogo. Perizat alikuwa nyuma yao. Alikuwa ametegemea kwamba atajisikia vizuri. Alicheka nao, ili asionekane peke yake hacheki.

Kutman aliung'oa ule ukurasa, na pini moja ikamchana kidole. Alikwenda kwenye vigingi vya makoti, akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akavuta kofia yake masikioni. Kisha akatoka nje ya shule. Hakulia wala hakugeuka. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa.

Kilichofuata kilikwenda upesi. Dada Raikan alisema daftari lake limeibwa. Bwana Sharshenbek alimjibu kwamba aliyeiba ni mtoto, lakini aliyeandika siri ya mtoto mwingine ni mtu mzima, na mtu mzima ndiye atakayeondoka. Akampa mpaka Ijumaa. Dada Raikan hakubisha. Alisimama mbele ya darasa, pua nyekundu kwa mafua, akasema kwamba ni kweli amekosa. Kutman alimwambia jambo lile kwa kuwa alimwamini, hakumwambia ili liandikwe. Akakaa.

Mwalimu Toktobubu alitaka mwizi. Kwa kuwa Emil ndiye aliyecheka kuliko wote, akaamua ni Emil. Emil aliapa kwa jina la mama yake, kwa mkate, kwa kila kitu. Mwalimu alimsimamisha akiwa ameelekea ukutani, pigo la rula kila alipogeuka, Jumanne yote na Jumatano yote. Jumatano saa ya mwisho alikuwa ameegemeza paji la uso ukutani. Perizat alikaa hatua nne kutoka kwake, akanyamaza.

Jumatano hiyo mchana, aliporudi nyumbani, aliingia ghalani kufukia lile daftari chini ya nyasi kavu. Kabla ya kulifukia alitafuta ukurasa wake. Ulikuwa wa mwisho kuandikwa.

"Perizat. Sijapata kuona kumbukumbu kama hii. Katika jaribio langu aliandika majibu sahihi ya jaribio jingine, la mwaka jana, nililopewa kama mfano, yote kumi kwa mpangilio. Kwa hiyo ana majibu mahali fulani. Sijamwambia mwalimu, ataaibishwa tu na hatajifunza kitu. Ukimwuliza alivyofikiri, anashika ukingo wa dawati. Nadhani huyu anaogopa kuliko wote humu, hata kuliko wa safu ya mwisho. Wale wamekwishakosea mbele za watu wakaona kwamba hawakufa. Sijui nianze naye vipi. Jumatatu nimwombe kwanza anifundishe mimi kukariri, ajue kwamba nami kuna nisiyoyaweza."

Perizat alisoma mara moja tu, na kwa kichwa chake kile, mara moja ilitosha. Jumatatu hiyo ndiyo siku aliyoliiba daftari. Alikaa juu ya sanduku la Jyrgal, ng'ombe akitafuna nyuma yake, na maneno yale yakaendelea kujisoma kichwani hata alipofumba macho.

Asubuhi hakusimama ukumbini. Alikwenda moja kwa moja chumba cha walimu, ambako Dada Raikan alikuwa akifunga vitabu vyake kwa kamba, akamwekea daftari mezani.

"Ni mimi," akasema. "Emil hajafanya kitu."

Dada Raikan alilitazama daftari bila kuligusa. "Ukurasa wako umeusoma?"

"Nimeusoma."

"Kuna uongo humo?"

"Hakuna."

Perizat alidhani atakumbatiwa, au atapigwa. Hakupata lolote kati ya hayo. Dada Raikan alivaa koti, akampeleka kwanza kwa Mwalimu Mkuu, akasimama pembeni Perizat alipokuwa akisema yote. Emil, aliyekuwa amesimamishwa tena, alitolewa ukutani. Alipopita karibu na Perizat alitema mate sakafuni, sentimita moja kutoka kwenye kiatu chake, na Mwalimu Toktobubu aliona na hakusema kitu. Kisha Dada Raikan na Perizat wakatoka, wakatembea kwenye theluji mpaka ukingoni mwa kijiji.

Babu yake Kutman alikuwa akibeba nyasi. Aliwaonyesha zizi kwa kidevu. Kutman alikuwa ndani, akivunja barafu kwenye hori la maji kwa mpini wa shoka. Dada Raikan ndiye aliyesema kwanza. Alimwambia Kutman, mbele ya Perizat, kwamba amemkosea na kwamba hatamwomba asahau. Kutman alisikiliza, akaitikia kidogo kwa kichwa. Kisha akamtazama Perizat.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Nisamehe, Kutman."

Kutman aliendelea kupiga barafu. "Mama yako ndiye anayepika shuleni," akasema baadaye. "Unamwona asubuhi, unamwona mchana, unamwona jioni."

"Ndiyo."

"Basi hujui ulichokisoma."

Kondoo walisogea wakaanza kunywa. Kutman aliweka shoka chini.

"Pole yako sina pa kuiweka," akasema. "Tano zako ulizipata wapi? Dada Raikan anajua, nimemwona alivyokutazama. Kasimame mbele ya darasa useme. Kwa sauti, useme yote, nao wacheke. Mimi nilisomwa na shule nzima."

"Nikisema, utarudi?"

"Sijui. Sema kwanza."

Babu, ambaye wakati wote alikuwa akiwasikiliza kutoka mlangoni, alisema tu kwamba kijana amesema sawa, na kwamba njia imeganda, waende polepole.

Ijumaa Perizat alisimama ubaoni. Alileta sanduku la Jyrgal, akaliweka juu ya meza ya Mwalimu, akaeleza. Alieleza ghala, madaftari, majaribio yaleyale ya kila mwaka, miaka miwili. Alikiri ukurasa wa Kutman. Sauti ilimkatika mara mbili na mara zote mbili hakuna aliyemsaidia. Darasa lilicheka, kisha likazomea, na mmoja wa wale wasichana wa karibu na jiko aliuliza kama hata jina lake amelikopi mahali. Mwalimu Toktobubu aliwaka uso mzima. Alikuwa amesikia, kama darasa zima lilivyosikia, kwamba maswali yake hayajabadilika kwa miaka. Alifungua sanduku, akatazama daftari la juu, akalifunga.

Habari zilifika jikoni kabla ya supu kugawiwa. Mama yake Perizat aliweka kijiko chini, akaja mpaka mlango wa darasa akiwa na aproni, akasimama pale akimtazama, kisha akarudi kwenye masufuria yake. Perizat alisema baadaye kwamba kati ya yote, hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Jioni ile mama alimwambia: "Nilimwambia kila mtu utakuwa daktari. Kumbe hukuthubutu hata kuniambia kwamba hujui." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Na mimi sikukuuliza."

Bwana Sharshenbek aliamuru kwamba alama zisisomwe tena kwa sauti, na kwamba wanafunzi wakae kwa urefu, wafupi mbele. Mwalimu Toktobubu alitii. Hakufurahi, lakini alinunua daftari jipya la maswali. Dada Raikan aliruhusiwa kumaliza mwezi wake. Kutman alirudi Jumanne. Kwa kuwa yeye na Perizat walikuwa kimo kimoja, walijikuta dawati moja. Kutman hakuzungumza naye. Siku ya tatu alimsogezea fungu la njiti za kiberiti bila kumtazama, kwa sababu aliona amekwama.

Siku ya mwisho ya Dada Raikan, Perizat alibaki darasani baada ya wengine. Alikuwa amepata mbili tena, ya haki safari hii, na alikuwa na swali.

"Kwa nini hukuniambia mapema kwamba unajua?"

"Nilikuwa nikisubiri wakati mzuri. Nimejifunza kwamba wakati mzuri nao huchelewa," alisema Dada Raikan, akipenga kamasi. "Sikiliza, mdogo wangu. Kazi yangu ni kutazama makosa ya watoto. Siyatazami ili nicheke. Kosa linanionyesha mtoto alipita njia gani, na nikiijua njia naweza kumfuata nikamrudisha. Ulipoficha makosa yako, hakuna aliyeweza kukufuata, ukapotea peke yako miaka miwili ukiwa umekaa penye joto. Hilo ulijifanyia mwenyewe. Lakini ulipochukua udhaifu wa mwenzako ukaubandika ukutani, ulimfanyia mtu mwingine, na hilo halifutiki kwa kupata tano. Kukosea si aibu. Aibu ni kudanganya ili usionekane unakosea, na aibu kubwa zaidi ni kumwumiza mwingine ili asikupite."

Perizat akauliza kama Kutman atamsamehe siku moja.

"Hilo silijui," alisema Dada Raikan. "Ni lake, si langu wala si lako. Ninachokijua ni kwamba namba nne hapo umekosea, na basi langu linaondoka saa tisa. Chukua kalamu."

Perizat alichukua kalamu. Mikono yake ilitaka kushika ukingo wa dawati, lakini aliiacha juu ya karatasi, akaanza kueleza kwa sauti alivyofikiri, tangu mwanzo, mpaka akafika mahali alipopotelea.